Konokono wa Kioo

Fundo la kamba ya katani lililolifunga boksi lilikuwa halijaguswa tangu kielelezo kilipoingia kituoni. Inspekta Gaudiosa Mapunda alilitazama fundo hilo, kisha akamtazama Koplo Hamphrey, aliyeegemea mlango na ufunguo wa gari mkononi.

"Nani alilifungua hili?"

"Hakuna, afande. Lilikutwa kwa mtuhumiwa, likaletwa, likawekwa. Picha ya juu si inajieleza?"

Picha ilijieleza kweli. Ilikuwa Landrova nyekundu ya zamani ikipanda mwamba, na chini yake maandishi ya Kijerumani. Lilikuwa boksi la gari dogo la plastiki la kuunganisha, aina ile ambayo marehemu Mzee Pankras Kapinga wa Mapera alitumiwa kila Majilio, majuma ya kungoja Noeli, na dada wa padre mmoja Mjerumani ambaye mzee alikuwa akimwendesha enzi za udereva wake parokiani. Gari lilikuja pamoja na mapambo ya mti wa Noeli, na si malaika na nyota tu: tango la kioo, samaki wa kioo, Baba Noeli aliyepanda baiskeli. Mapambo mzee aliyaning'iniza. Magari aliyaunganisha mwenyewe kwa gundi na subira, akayapanga kwenye ubao ukutani, na watu wa Mapera waliyaona ni michezo ya uzee mpaka siku mgeni mmoja kutoka mjini aliposema kwamba huko nje wako wanaoyakusanya na kuyanunua kwa bei ya ng'ombe.

Sasa mzee yuko kaburini. Alikutwa asubuhi ya Sikukuu ya Watoto Mashahidi, siku ya tatu baada ya Noeli, amelala kwenye ngazi ya saruji ya stoo yake, kisogo kimepasuka. Daktari alisema alikufa jioni ya jana yake. Boksi la Landrova lilikutwa Lipingo, kando ya ziwa, nyumbani kwa Nicholaus, mtoto wa dada yake. Nicholaus alisema mjomba alimpa kwa mkono wake siku ya pili ya Noeli, ampelekee binti yake. Lakini Bernadi, mtoto wa kaka wa marehemu, alieleza kwa kiapo kwamba kesho yake asubuhi, yaani siku yenyewe ya kifo, alipita kumsalimia baba yake mdogo na akaliona boksi juu ya kabati, "likiwa bado ndani ya nailoni yake, linang'aa." Kama lilikuwapo bado, Nicholaus alikuwa mwongo. Na Nicholaus siku hiyo alikuwa Mbinga mjini akitafuta kipuri cha injini ya boti, peke yake, hana wa kumsemea. Jumatatu angepelekwa Songea kusomewa shitaka la mauaji. Leo ilikuwa Jumamosi.

Gaudiosa alivaa glavu, akalifungua fundo.

Ndani kulikuwa na fremu za plastiki, na vipande vya gari vimeshikana nazo kama buni kwenye tawi: milango, usukani, magurudumu, hata vioo vya pembeni vidogo kuliko punje ya mtama. Vyote vilikuwa vya kijivu. Aliinua fremu moja akaielekeza dirishani. Rangi ilikuwa nyembamba na imesambaa sawasawa, isipokuwa mahali pawili pembeni, pana kama ukucha, ambapo plastiki nyeupe ilionekana. Akainua ya pili. Nayo ilikuwa na mabaka mawili. Na ya tatu.

"Vibanio vya nguo," alisema. "Mtu amezipaka rangi akazianika kwenye kamba. Swali ni kamba ya nani."

Hamphrey, aliyezaliwa Liuli kando ya ziwa na hakuacha kuwakumbusha watu wa milimani jambo hilo, akauliza kama swali hilo jibu lake haliko kule wanakouza usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Gaudiosa akamwambia awashe gari, na usipa atakula kwa pesa yake.

Waliteremka na lami mpaka ziwa lilipotokea chini, jeupe kwa jua la adhuhuri, kisha wakaiacha na kufuata njia ya mchanga na madimbwi hadi Lipingo. Beata, mke wa Nicholaus, walimkuta kwenye chanja anageuza usipa. Hakuacha kazi. Hamphrey alimsalimu kwa Kinyasa, kwa uchangamfu wa mtu aliyefika kwao. Beata akamjibu kwa Kiswahili, akimtazama Gaudiosa, ili mwenye cheo asikie bila mkalimani.

Alieleza yote akiwa amesimama. Siku ya pili ya Noeli alimfungashia mume wake kikapu cha usipa ampelekee mjomba, kama kila mwaka. Kikapu kilirudi na boksi lile ndani. Siwema, binti yao, alikatazwa kulifungua mpaka baba yake amalize kufunga injini, na kabla injini haijafungwa askari wakawa wamefika.

"Wenzako waliniuliza Nicholaus alilitoa wapi boksi," alisema Beata. "Hawakuniuliza lilikuja ndani ya nini. Mjomba hajawahi kunirudishia chombo kitupu, afande. Mwaka juzi alitia maharage. Mwaka jana kahawa. Safari hii akatia gari, kwa sababu Siwema alimfungulia redio yake iliyomshinda kila fundi, mtoto akaiponya. Sasa niambie, mwizi huiba akakumbuka na kurudisha kikapu cha mkewe?"

Gaudiosa aliomba ruhusa ya kuangalia nyumba, na Beata akaitoa kwa kunyoosha mkono tu. Rangi waliyoikuta ilikuwa moja, ya buluu ya kupakia boti, imekauka ndani ya kopo kama jiwe. Hakukuwa na tone la kijivu popote, wala kibanio. Nguo za nyumba hiyo zilikuwa zimetandazwa juu ya majani na mawe ya ufukweni. Siwema alikaa kizingitini, mikono katikati ya magoti, akifuata kila hatua yao kwa macho. Aliulizwa kama aliwahi kuona ndani ya boksi. Akatikisa kichwa.

Walipokuwa wanaondoka Beata akawafuata mpaka garini. Alisema wamwambie Nicholaus kwamba boti ameshaipandisha juu, mawimbi hayataifikia. Zaidi ya hapo hakuwa na salamu.

Kwenye kilima cha kwanza Hamphrey alisema kikapu si ushahidi mbele ya hakimu. Mwizi naye ana haki ya kubebea kikapuni. Gaudiosa alikubali. Alisema kikapu hakimtoi mtu mahabusu, lakini rangi ya kijivu inaweza, kwa maana rangi haikauki kwa kuambiwa.

Mapera waliingia mvua ikiwa imetoka kunyesha, mashimo ya ngolo, kilimo cha huko milimani, yamejaa maji kwenye miteremko. Ufunguo wa nyumba ya marehemu ulikuwa kwa Katekista Othmar, mzee mrefu mwenye sauti ya kuongoza litania. Gaudiosa alimwamkia, na baada ya marahaba akamwomba awafungulie na abaki nao, awe shahidi wa watakachokiona.

Hakuanzia ndani. Alizunguka nyuma, chini ya upenu, na hapo palikuwa na kamba iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na vibanio vya mbao vimepangwa juu yake kama ndege. Midomo ya vibanio hivyo ilikuwa ya kijivu. Ukutani, matone madogo ya kijivu yalikuwa yamefuata mstari wa kamba. Juu ya dirisha kulikuwa na mkebe wa rangi na brashi iliyooshwa vizuri, imesimamishwa nywele juu.

"Alikuwa akifanya hivyo kila gari," alisema Othmar. "Kwanza anaviosha kwa sabuni, kama vyombo. Kisha rangi ya chini. Kisha anaviacha siku nzima, na mvua ikiwepo siku mbili. Alisema mtoto hapewi mahindi na gunzi. Rangi hii ya kwanza ndiyo ngumu, atamfanyia yeye, nyingine mtoto apake mwenyewe."

"Mtoto gani?"

"Hakumtaja. Alisema mtoto mwenye mikono."

Kwa hiyo boksi lilifunguliwa kabla ya Noeli, na lilifunguliwa na mwenyewe. Gaudiosa aliitafuta nailoni. Aliikuta kwenye kibanda cha miche: mzee, ambaye hakutupa kitu, alikuwa ameitandaza juu ya makopo ya miche ya kahawa na kuibana kwa vijiwe, na miche ilikuwa imeshaanza kuisukuma. Kwenye pembe ya nailoni kulikuwa bado na karatasi ya bei yenye herufi za Kijerumani. Hakuna boksi lililokuwa juu ya kabati liking'aa ndani ya nailoni siku ile ya mwisho. Nailoni ilikuwa huku nje, kazini.

Othmar alikuwa mtu wa kuwaonea watu huruma. Alisema labda Bernadi aliliona boksi wakati wa Majilio, lilipofika, akachanganya siku. Msiba huchanganya watu. Gaudiosa alisema inawezekana. Akamwuliza yeye, Othmar, alimwona mzee lini mara ya mwisho.

Alimwona siku hiyohiyo ya kifo, alasiri. Alikuwa na watoto wa kwaya, wanapita nyumba kwa nyumba kuimba nyimbo za Noeli. Waliimba sebuleni, mzee akawagawia pipi, na watoto wakagoma kutoka mpaka wapigwe picha na mti. Walipokuwa wanaaga, mzee alimvuta kando akamwomba aje kesho asubuhi wafuatane ofisi ya kijiji, kuna jambo anataka amshuhudie. Hakusema jambo gani. Asubuhi Othmar alikuja, akamkuta kwenye ngazi.

Picha ilikuwa bado kwenye simu yake. Watoto walikuwa wamebanana, vinywa wazi, na nyuma yao tawi la msonobari ndani ya ndoo ya mchanga, limeelemewa. Chini ya picha simu ilikuwa imeandika tarehe na saa. Gaudiosa aliikuza kwa vidole viwili, akaingia nayo sebuleni.

Tawi lilikuwepo, limekauka, sindano zake zimemwagika sakafuni. Alisimama mbele yake akilinganisha. Tango lilikuwepo. Samaki alikuwepo. Baba Noeli na baiskeli yake, yupo. Kwenye picha, karibu na kilele, palikuwa na konokono wa kioo aliyevaa kofia nyekundu. Kwenye tawi, mahali hapo, palibaki kipande cha uzi kilichokatika.

"Huyu wa kofia yuko wapi?"

Othmar alivaa miwani. Alisema watoto walimcheka huyo kuliko wote. Alipoona Gaudiosa bado anamtazama, akaelewa alichoulizwa, akasema hapana, hakuna mtoto aliyemchukua: picha ilipigwa mwisho, na yeye ndiye aliyewatoa mmoja mmoja mlangoni, mikono yote ina pipi.

Hamphrey alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wanauana kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya mke, lakini konokono?

"Hakuuliwa kwa ajili yake," alisema Gaudiosa. "Ila aliyemchukua alikuwa humu baada ya kwaya kutoka."

Nyumba ya Bernadi ilikuwa ng'ambo ya kijito, ya matofali ya kuchoma, na ua uliofagiliwa. Bernadi alikuwa shambani. Mkewe Luisa aliwapokea kwa heshima ya nyumba yenye msiba, khanga nyeusi kiunoni, akawaketisha, akaenda kuchemsha chai bila kuuliza wamekuja kwa nini. Hamphrey alikuwa wa kwanza kuona. Alimgusa Gaudiosa kiwiko na kuinua kidevu.

Konokono alikuwa ananing'inia kwenye msumari, chini ya picha ya Familia Takatifu. Alikuwa amefungwa uzi mpya.

Luisa aliporudi na chai, Gaudiosa alimpa pole tena, akausifu ua, akamsifu na konokono. Uso wa Luisa ulilainika. Alisimulia bila kuombwa, kama anavyosimulia mtu jambo alilokwisha kulisimulia mara nyingi na linalomfariji kila mara. Siku ya Noeli alipika pilau, akamtumia baba mdogo kwenye hotpoti. Kesho yake akaondoka kwenda Mpepai kwa mama yake, akamwachia Bernadi maagizo asisahau kuifuata hotpoti. Huko Mpepai ndiko simu ya msiba ilikomkuta. Aliporudi, hotpoti ilikuwa mezani, imefungwa kwenye kitambaa chake, na ndani yake huyu konokono.

"Siku yake ya mwisho duniani," alisema Luisa, "na bado hakuniachia chombo kitupu."

"Bernadi aliifuata saa ngapi?"

"Asubuhi. Alipopita kumsalimia. Ndivyo alivyoniambia."

Gaudiosa alikunywa chai yake. Hamphrey aliitazama ya kwake.

Bernadi alikuja na jembe begani, miguu imejaa tope la ngolo. Aliliegemeza jembe ukutani, akawasalimia, akasema polisi wakija na njaa wangemwambia mapema achinje. Hakuna aliyecheka, naye hakungoja wacheke. Alikaa. Macho yake yalipita msumarini mara moja, yakashuka.

Gaudiosa alimwomba arudie lile la boksi. Bernadi alirudia kama alivyolieleza: asubuhi, juu ya kabati, ndani ya nailoni yake.

"Nailoni iko juu ya miche ya kahawa tangu kabla ya Noeli," alisema Gaudiosa. "Miche imeota ikaisukuma. Vipande vilishapakwa rangi, vikaanikwa, vikakauka, vikatiwa kikapuni kwenda Lipingo. Hukuliona boksi."

"Basi nitakuwa nimekosea siku. Niliona lilipofika."

"Inawezekana. Na hotpoti?"

"Hotpoti nini?"

"Uliichukua lini?"

Bernadi hakumtazama mkewe. Alisema asubuhi. Gaudiosa akaitoa simu ya Othmar, akaiweka mezani katikati ya vikombe, picha imekuzwa mpaka watoto wametoka kando na kubaki kilele cha tawi. Akamsomea tarehe. Akamsomea saa: tisa na robo alasiri.

Luisa ndiye aliyeinama kwanza. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akainua uso akamtazama konokono msumarini, kofia ileile, kisha akairudia picha. Bernadi alianza kusema kwamba mzee labda alikuwa na konokono wawili, Wazungu hawakosi kutuma pea. Mkewe akamkatiza.

"Alikuwa na mmoja. Nilisaidia kuyafunga mapambo mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza chumvi. "Uliniambia ilikuwa asubuhi, baba Winifrida."

Nje kuku walikuwa wanakwaruza. Hamphrey alihamia mlangoni bila kuonekana kwamba anahama.

Bernadi alipoanza kusema, alisema na meza. Alikwenda jioni kufuata hotpoti, si kwa ubaya. Mzee alikuwa nyuma, anafunga stoo. Akamwambia kesho anakwenda na katekista ofisi ya kijiji, shamba la chini la kahawa anamwandikia yule mtoto wa Nicholaus. Shamba ambalo Bernadi alilipalilia tangu ana suruali fupi. Mtoto wa kike, tena wa ziwani, asiyejua hata mbuni unapogolewa mwezi gani. Alimshika mzee mkono ili asikilizwe. Mzee akajivuta. Akamsukuma, mara moja tu. Ngazi ilikuwa na maji.

"Ukamwacha hapo."

"Alikuwa hapumui."

"Ukaingia ndani kuchukua hotpoti."

"Luisa aliniagiza. Ningekuja bila hiyo angeniuliza kwa nini sikwenda."

"Na konokono?"

Kwa mara ya kwanza Bernadi aliinua macho, na ndani yake mlikuwa na mshangao, kama vile swali hilo halistahili kuulizwa na mtu aliyelelewa Mbinga.

"Baba mdogo hajawahi kurudisha chombo kitupu katika nyumba hii. Ingekuja tupu, Luisa angejua palepale kwamba tumegombana."

Gaudiosa alimsomea haki zake polepole, mpaka mwisho. Hamphrey alimfunga pingu kwa mbele, akamwachia anawe miguu kwanza. Kisha Gaudiosa alitoka uani, akampigia mkuu wake wa upelelezi, akamweleza kwa kifupi, akaomba Nicholaus atolewe mahabusu leo hii na apewe nauli ya Lipingo. Alisisitiza leo. Alingoja mpaka akasikia amri inatolewa upande wa pili.

Aliporudi ndani Luisa alikuwa amevua kandambili. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele yake kama wakaavyo wafiwa. Chai ilikuwa imepoa mezani. Gaudiosa alimwuliza kama kuna ndugu wa kuitiwa aje akae naye. Luisa alikuwa anamtazama mumewe, aliyesimama kati ya Hamphrey na mlango.

"Nilimshukuru kaburini," alisema. "Mbele ya watu wote. Nilipiga magoti nikasema ahsante, baba, hata ulipokuwa unaondoka umenikumbuka. Nikashindwa kusimama. Na wewe ndiye uliyenishika mkono ukaniinua."